E ya Kwetu na E Yao

Nilifika Butembo nikiwa juu ya magunia ya maharage, vumbi la barabara limenibadilisha rangi kiasi kwamba mama yangu mzazi angenipita bila salamu. Nikisema safari hiyo ilianzia Goma nitakuwa nimekata kipande kirefu. Nilizaliwa Kalemie, nikasoma Uvira, nikapata diploma ya sekondari Bukavu, na kila mahali nilipoanza kuzoea sauti za majirani, vita vilinikuta vikanisukuma mbele kidogo. Goma nilikaa zaidi ya kwingine. Nilikuwa naendesha mashine ya fotokopi katika duka dogo karibu na soko, na ikikataa kazi ni mimi niliyekuwa naifungua. Kisha mlima ukamwaga moto wake mjini. Niliporudi kulitafuta duka nilikuta jiwe jeusi likitoa moshi, na sikuweza hata kuonyesha kwa kidole mahali mlango ulipokuwa.

Nikapanda lori la kwenda kaskazini. Kila kizuizi kilikuwa na askari wake, na kila askari alikuwa na serikali yake. Mpaka Kanyabayonga ilikuwa nchi ya waasi hawa. Kuanzia hapo ilikuwa nchi ya waasi wengine, na karatasi uliyopewa upande mmoja iliweza kukutia matatani upande wa pili. Niliitafuna yangu nikiwa nyuma ya choo cha soko. Hapo Kanyabayonga nikabadilisha gari, na juu ya maharage nikakaa karibu na mama mmoja mnene aliyevaa sweta mbili na kitenge cha maua mekundu, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa anarudi nyumbani kutoka matanga.

“Weye unatoka wapi?” aliniuliza.

“Goma, mama.”

“Goma iliungua. Ulikuwa unatumika kazi gani kule?”

“Fotokopi. Kuendesha mashine, na kuitengeneza ikikataa.”

Akageuka kunitazama vizuri. “Ya rangi?”

“Hapana, mama. Nyeusi na nyeupe tu.”

“Mais, lakini, ya rangi ni ile ile,” akasema. “Imevaa tu kitenge.”

Watu wote juu ya lori walicheka, nami nikacheka, nikidhani ni maneno ya kupitisha njia. Kumbe alikuwa ameniandika kazi.

Mashine yenyewe ilikuwa nyuma ya duka lake, chini ya shuka, kubwa kama kabati. Aliiagiza kutoka Dubai kwa njia ya Kampala, ikaingia Kasindi kwa lori, ikapanda milima hadi Butembo, na tangu ishushwe haikuwahi kutoa hata karatasi moja. Mafundi wawili wa mjini waliitazama wakaondoka wakitikisa kichwa. Hakukuwa na mashine nyingine ya rangi mji mzima, na watu walikuwa wameanza kuiita “marehemu wa mama”.

Alinionyesha chumba cha nyuma: kitanda, blanketi, dirisha linalotazama mashina ya mikaratusi.

“Sikia,” akasema. “Ikipona, unabaki hapa kama mutoto wa nyumba. Isipopona, njia ile uliijia iko pale pale.”

Sijui kama alijua alichonipa. Kwa miaka mingi sikuwa nimeambiwa neno “kubaki”. Usiku ule nililala chini ya blanketi zito la baridi ya Butembo nikiomba jambo moja tu: mashine hii ipone.

Asubuhi tukawasha jenereta. Mashine ikawaka taa zake, ikajikuna ndani, kitu kikataka kusogea kikashindwa, ikaguna kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Kisha kwenye kioo chake kidogo ikaandika: E 41. Nikaizima, nikaiwasha. E 41. Nikafungua milango yake yote, nikaona wino wa unga wa rangi nne, njano, nyekundu, buluu na nyeusi, kila moja katika chupa yake, safi, haujaguswa. Hakuna kilichovunjika. Hakuna kilichokwama. Yangu ya Goma ilikuwa ikiugua unajua: karatasi imekunjika, mpira umechakaa. Hii ilikuwa inanitajia namba na kunitazama.

Fundi aliyejua maana ya namba hizo alikuwa Kampala, kwa yule aliyeiuza. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia sisi, kwa hiyo tulitumia foni, ile redio kubwa ambayo wafanyabiashara walizungumzia na miji mingine. Foni ya mtaa wetu ilikuwa kibandani, waya wake umetandazwa kati ya mikaratusi miwili, na mwenyewe, mzee mwenye kofia ya sufu, hakumruhusu mtu kushika kipaza sauti. Ulimwambia yeye, yeye akasema. Upande wa pili, Kasindi mpakani, alisikiliza deklaran wa mama, yaani yule aliyekuwa anamtembezea mizigo forodhani. Deklaran akasogea hadi kwenye daraja la mpaka, ambako simu ya Uganda ilishika, akampigia fundi. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo, kinyumenyume.

“Kasindi, Kasindi, hapa Butembo,” alisema papa wa foni. “Machine ya mama inasema E quarante-et-un. E, arobaini na moja. Parlez, semeni!”

Kesho yake jibu likaja: karatasi zimeshika unyevu. Zitolewe zote, zianikwe, na sanduku la karatasi lisafishwe.

Tukazianika. Tulitandaza vitenge mbele ya duka tukapanga karatasi nyeupe juu yake, tukaweka mawe madogo zisipeperuke. Watu waliokuwa wanapita na chukudu zao, zile baiskeli za mbao, walisimama.

“Mama, sasa unauzisha mihogo ya aina gani hii?”

“Ya wazungu,” akajibu. “Ukikula unajua kusoma.”

Karatasi zikakauka hadi zikajikunja. Tukazirudisha. E 41.

Tukarudi kwa foni. Jibu la pili: badilisha mpira unaovuta karatasi. Nikautoa mpira, nikausugua, nikaupiga unga. E 41. Jibu la tatu: sanduku la karatasi linashuka upande, liinue kwa kipande cha ubao. Nikachonga ubao. E 41. Sikuelewa. Fundi wa Kampala alikuwa anajibu kwa uhakika wa daktari, na kila dawa yake ilikuwa ya karatasi, wakati mimi kwa masikio yangu nilisikia kwamba kinachoguna kiko juu, mbali na karatasi. Nilianza kufikiri kwamba mashine ya rangi ina mwili mwingine kabisa, kwamba pengine miguu yake ndiyo inayoumwa kichwa.

Pale kibandani kwa foni kila mtu aliyesubiri zamu alisikia mambo ya kila mtu, kwa hiyo mtaa mzima ulifuata ugonjwa huo. “Bado haijapona?” waliniuliza wamama wanaouza viazi. “Iko namba ngapi leo?”

Wengine pia walikuwa wanasikiliza. Siku moja askari wawili walikuja dukani wakasema mama na fundi wake wanatakiwa ofisini. Tulikaa mbele ya meza ya ofisa mmoja kijana, miwani ya jua kichwani, aliyechanganya Kiswahili na Kilingala kama maofisa wote waliotoka magharibi ya nchi.

“Mama,” akasema, “E quarante-et-un eza nani?”

“Hapana mutu, chef. Ni machine yangu inagonjwa.”

“Machine inagonjwa, inasema namba?”

“Inasema namba, chef.”

“Na ikiwa na malaria, itasema ngapi?”

Askari mlangoni alicheka. Ofisa hakucheka. Aliniuliza mimi kama ninatoka Goma, nikasema ndiyo, na nikaona neno hilo likishuka mezani kama jiwe. Kwao, Goma ilikuwa upande wa adui. Mama akawahi.

“Ni mutoto wangu huyu. Anatengeneza ile machine inatoa rangi.”

Ofisa akavua miwani kichwani. “Inatoa rangi? Rangi yote? Hata rangi ya sceau?”

Alikuwa anauliza habari ya mhuri, ile duara ya zambarau iliyokuwa kwenye kila kibali cha kusafiri. Mama akasema hajui, mashine haijawahi kutoa kitu. Tukaachiliwa, lakini kwa amri: kuanzia siku ile, hakuna namba tena kwenye foni. Papa wa foni aliapa kwa Biblia yake kwamba namba haitatoka kinywani mwake tena, hata ile ya wimbo wa kanisani.

Njia ya kuzungumza na fundi ikawa imefungwa. Ikabaki moja: niende Kasindi mwenyewe.

Niliteremka kutoka baridi ya Butembo hadi joto la Beni, nikabadilisha gari, nikapita ile nyika ndefu ambako madereva hawapendi kusimama, Ruwenzori upande wa kushoto, theluji yake ikionekana kidogo kisha ikijifunika. Njiani nilikuwa nafikiri namna ya kumwambia mama kwamba nimeshindwa. Nilifikiri pia kwamba kutoka Kasindi ni rahisi kuendelea tu, kuvuka, na kutorudi kuona uso wake. Mguu wangu umezoea hivyo.

Kasindi ilikuwa malori, wabadilisha fedha wenye vibunda mikononi, na kelele. Deklaran alikuwa anahangaika kwenye kizuizi, akanifanyia ishara nimsubiri. Mbele yangu lori la Uganda lilikuwa limezuiwa, na dereva wake, jasho limemlowesha shati, alikuwa anagombana na karani wetu wa kizuizi aliyekaa kivulini bila kuinua macho.

“Nimekuambia, yu, ei, i!” dereva alipiga kelele. “Yu! Ei! I!”

“Ni hivyo nimeandika,” karani akasema. “U. E. I.”

“Hakuna hiyo gari! Hiyo si gari yangu! Mimi ni ei, i!”

“Mais, papa, E, I, iko hapa! Unataka nini tena?”

“Inuka uone kwa macho yako basi!”

“Mimi nainuka juu ya gari moja? Magari yote nainuka?”

Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na kibao cha namba cha lori. Nikakisoma kwa uvivu tu, kama mtu anavyosoma chochote akisubiri. U, A, E. Nikamsikia dereva tena: yu, ei, i. Nikasoma tena. Niligeuka nyuma kuangalia kama kuna lori jingine analolisema. Hakuna. Nikakisoma mara ya tatu, nikafuata kwa kidole, na kichwa kikaanza kuniwasha. Alipoiona A, akasema “ei”. Alipoiona E, akasema “i”. Na karani wetu, aliyesoma kwa Kifaransa kama mimi, akisikia “ei” anaandika E.

Basi na fundi wa Kampala, akisikia “e” yetu, anaandika nini?

Nilimvuta deklaran kwa mkono wa shati hadi darajani. Alinipa simu akilalamika.

“Fundi,” nikasema, “ile herufi tunayokuambia, unaandika nini?”

“A,” akasema. “A arobaini na moja. Sanduku la karatasi. Bado tu?”

“Si A. Ni ile ninyi mnaita i. Ile yenye meno matatu.”

Nikamsikia akicheka peke yake huko Kampala.

“Mbona hamkusema tangu mwanzo? Nimekuwa nikiwapa dawa ya mgonjwa mwingine! Sikiliza. Chini ya kioo kuna taa inayotembea. Mashine ikisafirishwa wanaifunga taa kwa skrubu nyekundu isigongane njiani. Angalia chini, upande wa kushoto. Ikifika mahali pa kukaa, skrubu unaitoa. Hiyo mashine yenu bado iko safarini, bwana. Haijui kama imefika.”

Nilirudi Butembo bila kukumbuka nyika wala theluji. Skrubu, au visi kama tunavyoita sisi, ilikuwa palepale, nyekundu, ndogo kama punje ya kahawa. Tulipita karibu nayo siku zote zile. Niliitoa kwa mzunguko wa mkono, nikawasha. Taa ikatembea chini ya kioo kutoka huku hadi huku, laini, bila kuguna. Mama alisimama, mikono kiunoni, akitafuta kitu cha kuijaribia. Hakutafuta mbali. Akainua ncha ya kitenge chake akailaza juu ya kioo, akiwa bado amekivaa, ameinama ubavu kama mtu anayesikiliza mlangoni. Karatasi ikatoka ikiwa na maua yake mekundu, yenye joto.

“Nilikuambia?” akasema. “Imevaa tu kitenge.”

Nikabaki. Nilijifunza kusema wasingya, yaani asante, na watu wakacheka namna ninavyoisema, halafu wakaacha kucheka. Walileta picha za arusi, za ubatizo, za marehemu. Kwaya ya kanisa la mama ilitaka picha yake kwa kila mwimbaji. Nilikuwa na mahali pangu pa kukaa mezani. Skrubu niliiweka katika mfuko wa shati, na nikibadilisha shati niliihamisha, bila kujua kwa nini.

Kisha asubuhi moja yule ofisa akaingia, miwani kichwani. Akatoa kibali chenye mhuri wa zambarau, akakiweka kwenye kioo mwenyewe. Nikabonyeza. Akavishika vyote viwili, kimoja mkono huu kingine mkono huu, akavitazama hadi nikaona amesahau kipi ni kipi.

“Bon,” akasema. “Leo saa munane camion, lori yetu, inakuja. Machine inaenda Beni, kusaidia serikali. Na fundi yake.”

“Oui, chef,” mama akasema, kwa sauti ya mtu aliyeagizwa chumvi.

Alipoondoka, mama alikaa kwenye kiti kidogo akaanza kumenya viazi. Sikumwelewa. Nilitaka alie, au akimbie kwa mchungaji. Akamenya.

“Ile visi iko wapi?” akauliza.

“Hapa, mama.”

“Machine inaenda safari, non? Ikienda safari, visi inarudia. Ni weye ulinifundisha.”

Nikaona amekubali basi, amewapa. Nikainama nikairudisha skrubu mahali pake, kwa hasira.

“Sasa washa,” akasema.

“Mama, nikiwasha na visi ndani, itakataa.”

“Washa nione.”

Nikawasha. Ikaguna kama mbuzi. E 41. Mama akaitazama ile herufi, akatikisa kichwa taratibu kama anayesalimiwa na mtu wa zamani.

“Maskini,” akasema. “Inagonjwa tena. Watabeba maiti wakafanye nini?”

Ndipo nikacheka, nikacheka sana, na nilikuwa bado nacheka nilipoona kwamba yeye hacheki. Alikuwa anatazama mlango wa chumba changu. Ulikuwa wazi. Mfuko wangu, alioufunga nisijue lini, ulikuwa juu ya kitanda, na juu yake moja ya sweta zake mbili.

“Mais, mama…”

“Fundi akiwa hapa watasema atengeneze. Watampiga atengeneze. Fundi asipokuwa, ni kabati tu.” Akaweka kisu chini. “Camion ya Kasindi inaondoka saa ine. Kimbia, mwanangu.”

Nilimwuliza kama nitarudi. Akasema ndiyo. Kisha akasema hapana. Kisha akasema viazi vinaungua, na vilikuwa bado kwenye beseni, havijapikwa. Nikasema wasingya, na kwa mara nyingine nikaisema vibaya.

Lori lilifika Kasindi giza likiingia, nikalala kwa deklaran. Asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya kuvuka, nilimwona anakuja akikimbia kutoka kwenye foni yake, amekunja uso kama mtu aliyepewa hesabu ngumu.

“Butembo imeita,” akasema. “Mama anasema camion ya askari ilikuja, ikarudi tupu. Na anasema nikuambie herufi moja. Bila namba, namba imekatazwa. Amesema tu: E. Basi.” Akajikuna kichwa. “Sasa mimi nashindwa. Ni E ya kwetu, ao E yao?”

“Ya kwetu,” nikamwambia.

Foleni ikasogea. Nikachukua mfuko wangu, nikavuka.